Kano ya kisigino: tiba iko ngazini, si kwenye sindano

Yapo maradhi ambayo mtu huishi nayo miaka kwa sababu tu hayamlazi kitandani. Maumivu ya nyuma ya kisigino ni mojawapo. Mtu anaamka alfajiri, anaweka mguu chini, na hatua za mwanzo anachechemea kama aliyekanyaga mwiba. Akishatembea kidogo mguu unalegea, maumivu yanapungua, naye anasahau. Jioni baada ya kazi yanarudi. Wiki zinapita, miezi inapita, na pale nyuma ya mguu panaanza kunenepa kidogo. Ukipabana kwa vidole viwili unaruka.

Hapo ndipo wengi wanapoanza kuhangaika. Huyu ananunua diklofenaki, yule anachuliwa kwa mafuta, mwingine anatafuta mtu wa kumchoma sindano "ya mshipa". Fedha zinakwisha na mguu uko vilevile. Katika makala hii tutaangalia maumivu haya yanatokana na nini, kwa nini dawa yake kubwa ni mazoezi, na ni namna gani mtu aliyeko Kilosa au Mikumi, mbali na mtaalamu wa tiba ya viungo, anaweza kuongozwa kwa simu mpaka akapata nafuu. Tutaeleza pia ni wakati gani simu haifai kabisa, maana kukosea hapo kunaweza kumwachia mtu ulemavu.

Kano yenyewe

Shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Utagusa kitu kigumu mfano wa kamba nene. Watu wengi hukiita mshipa, lakini si mshipa wa damu wala wa fahamu. Ni kano, yaani kamba inayounganisha misuli na mfupa. Hii inaunganisha misuli ya shavu la mguu, au kigimbi, na mfupa wa kisigino. Urefu wake ni kama sentimita 15, nayo ndiyo kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Wataalamu huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale ambaye husimuliwa kuwa hakuweza kudhurika mahali popote isipokuwa kisiginoni.

Mtu anapokimbia, kano hii hubeba mzigo unaoweza kufika mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 60 basi anaipa kano moja mzigo wa kilo 360 mpaka 480, na hiyo ni kwa kila hatua. Sasa watazame watu wa Kilosa na Mikumi. Yupo mkata miwa anayeshinda shambani upande wa Ruembe, yupo mkulima anayepanda mlima na kushuka na gunia kichwani, yupo kijana anayekimbilia mabasi pale Mikumi kando ya barabara ya Iringa akiwa na beseni la bidhaa na kandambili miguuni. Yupo pia dereva wa lori aliyekaa saa nyingi na kisha akaruka chini kutoka kwenye kichwa cha gari, na mwalimu wa miaka 45 ambaye hakucheza mpira miaka kumi, halafu Jumamosi moja akaitwa kujaza timu.

Huyo wa mwisho ndiye mgonjwa wa mfano. Si kazi nyingi peke yake inayoharibu kano, bali ni kazi kuongezeka ghafla kuliko kano ilivyozoea. Hata waliozoea huumia. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikuwa akisumbuliwa na kano hii alipokimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Alimshinda Paul Tergat wa Kenya kwa tofauti ya sekunde 0.09 tu, na baadaye alilazimika kufanyiwa upasuaji.

Mzigo unapozidi kwa muda mrefu, nyuzi za ndani ya kano hupoteza mpangilio wake. Badala ya kulala sambamba kama nyuzi za katani zilizosokotwa vizuri, huwa ovyoovyo, na kano hunenepa huku ikipungua nguvu. Ifahamike kuwa tatizo kubwa hapa si uvimbe wa moto kama wa jipu. Ndiyo maana vidonge vya kutuliza maumivu vinaweza kukupa usiku mmoja wa nafuu lakini haviijengi kano upya. Na kupumzika kabisa nako hakuijengi. Kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika, kwa hiyo aliyelala mwezi mzima akirudi shambani maumivu humkuta mlangoni. Kuchua na kukanda kwa maji ya moto kunastarehesha, hatukatazi, lakini usitegemee kuwa kutaiongezea kano nguvu. Ama kuchanja au kupiga chuku juu ya kano yenyewe, tunashauri uache. Ngozi ya mahali pale ni nyembamba na kidonda chake si chepesi kupona.

Kwanza hakikisha haijakatika

Kabla ya mazoezi yoyote, kuna jambo moja la kuliondoa. Kano inaweza kukatika. Mara nyingi mtu husikia kitu "pa!" nyuma ya mguu na hugeuka akidhani amepigwa teke au jiwe, kumbe hakuna mtu. Baadaye anaweza hata kutembea kwa kuburuza mguu, na hilo ndilo linalowadanganya wengi wakadhani wameteguka tu. Kipimo chake ni rahisi. Mgonjwa apige magoti juu ya kiti, au alale kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya ukingo. Mwingine aubane kigimbi kwa mkono. Kwa mguu mzima, unyayo utasogea wenyewe, vidole vikielekea chini. Ukibana na unyayo ukabaki kimya, ichukulie kuwa kano imekatika na uende hospitali siku hiyohiyo: Hospitali ya Mtakatifu Kizito kwa wa Mikumi, Hospitali ya Wilaya kwa wa Kilosa. Wakati wa kwenda usiukanyagie mguu huo. Iliyowahiwa hufungwa unyayo ukiwa umeelekea chini au hushonwa, nayo huunga. Iliyochelewa miezi hutibika kwa shida, na mtu anaweza kubaki hawezi kuchuchumia kwa mguu ule tena.

Usianze mazoezi pia kama kigimbi kimevimba ghafla, kina joto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu au kulazwa, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Wala kama una homa pamoja na wekundu mahali pale. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za unyayo aonwe kwanza na daktari ana kwa ana.

Na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Dawa ya siprofloksasini, ile ambayo watu huinunua madukani wakisema "nipe sipro" kwa ajili ya taifodi au mkojo mchafu, inaweza kuumiza kano na hata kuikata. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo hilo liandikwe kwa uzito wa juu kwa dawa zote za kundi hilo. Hatari huzidi kwa aliyevuka miaka 60 na kwa anayetumia dawa za steroidi kama predinisoloni. Hatusemi dawa hii isitumike, maana inaokoa watu. Tunasema isinunuliwe kama pipi, na ukianza kuumwa nyuma ya kisigino ukiwa unaitumia, pumzisha mguu na urudi haraka kwa aliyekuandikia. Na sindano za steroidi kupigwa ndani ya kano tunaziogopa kwa sababu hiyohiyo. Maumivu huondoka, mtu anakimbia, kano inakatika.

Tiba ya ngazini

Katikati ya miaka ya 1990, daktari wa mifupa wa Uswidi, Håkan Alfredson, alikuwa anaumwa kano hii mwenyewe. Amesimulia kuwa alimwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kumpa likizo ya ugonjwa. Akaamua kuitesa kano yake kwa mazoezi makali mpaka ikatike, ili wasiwe na hiari. Haikukatika. Ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wakimbiaji 15 waliokuwa wamekwama kwa maumivu ya muda mrefu. Baada ya wiki 12 za mazoezi hayo, wote 15 walirudi kukimbia. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa si kila mtu hupona kwa kiasi kile, na wengine huchukua miezi 6 au zaidi, lakini mpaka leo hakuna vidonge wala sindano iliyoyazidi mazoezi.

Zoezi lenyewe halihitaji chombo. Linahitaji ngazi moja imara, kwa mfano ya baraza la nyumba, na ukuta wa kushikilia.

Wiki mbili za mwanzo baki chini, sakafuni. Simama kwa miguu yote miwili, shika ukuta, nyanyua visigino polepole mpaka uchuchumie (kuchuchumia, si kuchuchumaa), kisha shuka polepole ukihesabu mpaka 3. Fanya mara 15, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka zitimie seti 3. Ukiona ni rahisi, panda kwa miguu miwili na ushuke kwa ule mgonjwa peke yake.

Kisha hamia ngazini. Simama kwa sehemu ya mbele ya nyayo kwenye ukingo wa ngazi, visigino vikiwa hewani. Panda kwa mguu mzima. Hamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, halafu ushushe kisigino polepole mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Usipande kwa mguu mgonjwa. Kazi yake ni kushuka. Seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, na seti 3 nyingine za mara 15 goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu kigimbi kina misuli miwili na ule wa ndani hufanya kazi zaidi goti likikunjwa. Hivyo asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ukijumlisha ni mara 180 kwa siku, nasi tunajua hesabu hiyo inachosha kuisoma, sembuse kuifanya. Habari njema ni kwamba mwaka 2015 watafiti wa Denmark walionyesha kuwa mazoezi mazito ya polepole mara 3 tu kwa wiki yaliwafaa wagonjwa sawasawa na yale ya kila siku. Kwa mtu anayelima kutwa, njia hii ya pili ni bora. Mguu upate siku za kupumzika kati ya zoezi na zoezi, lakini siku ya zoezi uzito uwe wa kweli.

Uzito unapatikana nyumbani. Begi la mgongoni lenye mchele au mchanga wa kilo 5, baadaye 10, baadaye zaidi. Wengi hukwama hapa. Wanafanya zoezi jepesi lilelile miezi mitatu, halafu wanasema mazoezi hayasaidii. Kano hujengeka kwa kupewa mzigo unaoongezeka.

Tofauti moja ni muhimu. Kama maumivu yako si pale katikati ya kano, vidole vitatu hivi juu ya kisigino, bali ni pale chini kabisa inaposhika mfupa, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Fanya sakafuni tu. Kushuka sana hukandamiza kano kwenye mfupa na kuongeza maumivu. Mtu huyu pia afadhali avae kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo badala ya kandambili, kwa miezi hiyo.

Je, likiuma uache? Hapana, si lazima. Jipe alama kuanzia 0, hakuna maumivu, mpaka 10, maumivu yasiyovumilika. Maumivu yasiyozidi 5 wakati wa zoezi yanaruhusiwa, kwa masharti mawili: yatulie kufikia asubuhi ya pili, na yasizidi wiki hadi wiki. Ugumu wa hatua za alfajiri ndio kipimajoto chako. Ukiamka mbaya kuliko jana, punguza uzito siku hiyo, lakini usiache.

Kuhusu swala, mwenye maumivu ya chini kwenye mfupa anaweza kuona kikao cha kusimamisha unyayo wa kulia na kukunja vidole kinamchoma, na vilevile kuinuka kutoka kwenye sijida. Wepesi kwa mgonjwa unajulikana, na imamu wa msikiti wako atakueleza namna ya kukaa. Wakati wa kutia udhu, kaa juu ya kigoda badala ya kuchutama muda mrefu. Mwezi wa Ramadhani, zoezi la jioni lisogezwe baada ya futari.

Mtaalamu akiwa mbali

Zoezi ni rahisi kulieleza, kulidumisha ndiyo kazi. Hapo ndipo mtaalamu wa tiba ya viungo anapohitajika, naye mara nyingi yuko Morogoro mjini, Dar es Salaam au Moshi. Kutoka Mikumi mpaka Morogoro ni zaidi ya kilomita 100. Nauli ya kila wiki kwa wiki 12, pamoja na siku za kazi zinazopotea, si ya kila mtu. Lakini mtaalamu hahitaji kuigusa kano kila wiki. Anahitaji kujua umefanya nini na mguu umeitikiaje.

Tangu maradhi ya Korona ya mwaka 2020 tiba ya viungo kwa simu imeenea duniani. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2024, kwa karibu watu 400 wenye maumivu sugu ya goti, ulionyesha kuwa walioongozwa kwa video hawakupitwa na waliokwenda kliniki. Goti si kisigino, lakini kazi ni moja, yaani mazoezi na ufuatiliaji. Ushauri wetu ni kuonwa ana kwa ana mara moja mwanzoni ikiwezekana, ili kano ishikwe na mkono wa anayejua. Kwa wa Kilosa safari hiyo imekuwa nyepesi tangu treni ya umeme ilipoanza kusimama hapo mwaka 2024. Baada ya hapo, simu.

Kabla ya kupiga, andika kwenye daftari: maumivu yako upande gani na sehemu gani hasa, yalianza lini na kazi gani ilibadilika wakati huo, alama ya asubuhi kati ya 0 na 10, dawa zote unazotumia, viatu unavyovaa, na unaweza kuchuchumia kwa mguu mmoja mara ngapi, kulia na kushoto. Hesabu hiyo ya mwisho mtaalamu ataipenda kuliko maelezo mengi. Kijana mwenye afya hufikisha 20 au zaidi. Ukifanya 22 kulia na 6 kushoto, picha imekamilika.

Mwenye simu janja atume video mbili fupi za mchana, simu ikiwa imeegemezwa juu ya tofali, si mkononi mwa mtoto anayecheka. Ya kwanza unatembea ukionekana kwa nyuma, ya pili unafanya zoezi ukionekana kwa ubavu. Yanayotazamwa ni goti kwenda chini tu, kwa hiyo dada zetu wasione haya kuyafanya. Sura haihitajiki, suruali pana au soksi zinatosha kuonyesha kisigino kinapanda na kushuka, na ni haki yako kuomba uhudumiwe na mtaalamu mwanamke na video ifutwe baada ya kutazamwa. Asiye na simu janja asivunjike moyo. Simu ya kawaida, na mtu wa nyumbani anayehesabu na kutazama kama kisigino kinashuka polepole, vinatosha. Mpange siku maalumu ya wiki, dakika 10. Katikati ya wiki tia alama kwenye kalenda ya ukutani kila ukifanya zoezi, kisha siku ya simu soma alama kama zilivyo. Mtaalamu anayedanganywa kuwa mazoezi yalifanyika atakuongezea uzito, na mguu wako ndio utakaolipa.

Na wewe mchunguze mtaalamu. Ambaye hakuulizi kuhusu dawa, hakuombi kipimo cha kubana kigimbi, au anayekuuzia dawa ya kupaka katika simu ya kwanza, mwache. Mzuri ndiye atakayekuambia baada ya wiki kadhaa bila mabadiliko kuwa simu imefika mwisho wake, njoo uonwe au upigwe picha ya ultrasaundi.

Kurudi kwenye mpira, mbio au kupanda mlima na mzigo kusiwe kwa tarehe bali kwa uwezo. Kwanza uweze kuchuchumia kwa mguu mgonjwa karibu sawa na mzima, utembee dakika 30 bila alama kuzidi 2, kisha uruke papo hapo mara 20 na asubuhi yake mguu usilalamike. Hapo anza kukimbia taratibu siku moja na kuacha mbili, mahali tambarare, na viatu miguuni. Zoezi la ngazini usiliache siku maumivu yanapokoma. Endelea nalo mara 2 kwa wiki kwa miezi kadhaa, na siku ya mechi usilifanye.